Mkono wa baba baada ya kiharusi: hesabuni unafanya kazi mara ngapi kwa siku

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba baba yako alipata kiharusi miezi minne iliyopita, kwamba mguu wa kulia umeanza kumbeba lakini mkono bado umelala mapajani huku vidole vimejikunja, na kwamba mmeambiwa baada ya miezi sita hakuna kitakachobadilika. Umeuliza kama hilo ni kweli, kama mpira wa kuminya mliomnunulia unamsaidia, na namna ya kumpandisha na kumshusha ngazi. Mimi si daktari. Nilipata kiharusi miaka saba iliyopita, nikapooza upande wa kulia kama baba yako, na jibu hili naliandika kwa mkono huohuo, ingawa ni kwa vidole viwili na kwa mwendo ambao ungekuchosha kuutazama.

Hiyo miezi sita ina chanzo chake. Sehemu kubwa ya nafuu huonekana katika majuma na miezi ya mwanzo, kwa kuwa uvimbe unaolizunguka jeraha la ubongo hupungua, sehemu zilizozimia bila kufa huanza tena kufanya kazi, na ubongo wenyewe katika kipindi hicho huwa mwepesi zaidi kutafuta njia nyingine za kupitishia amri. Baadaye kasi hushuka. Kosa ni pale mtu anaposikia kwamba kasi inashuka akaelewa kwamba nafuu imekoma, akaacha mazoezi, kisha mkono ukabaki ulivyo kwa sababu umeachwa. Kidole gumba changu kilitoka ndani ya ngumi kwa mara ya kwanza mwezi wa tisa baada ya kiharusi. Nilikuwa nimeketi mezani, naangalia kiganja kwa uchovu, nikakiamuru kama nilivyokuwa nimekiamuru kila siku, kikasogea upana wa punje ya mahindi kisha kikarudi. Nilimwita mke wangu aje kushuhudia, na alipofika kikakataa kabisa.

Swali ambalo ningependa mjiulize ninyi ni hili: kwa siku moja, mkono ule unafanya kazi halisi mara ngapi? Mwezi wa tano mtaalamu wangu wa fiziotherapia alimpa mke wangu daftari na kumwambia apige mstari mmoja kila mara mkono dhaifu unapofanya jambo lenye maana, kama kushika, kusukuma, kuvuta au kugandamiza karatasi isiteleze. Wakati huo tulijiona watu wa bidii, maana nilikuwa nahudhuria mazoezi mara mbili kwa juma, karibu saa nzima kila mara. Siku ya kwanza ya daftari ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Hata ndani ya vyumba vya mazoezi hali huwa si nzuri sana: watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2009, baada ya kutazama mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi katika vituo vya Marekani na Kanada, walikuta kwamba mkono ulifanyishwa vitendo vya kazi kwa wastani wa mara 32 tu kwa kipindi kimoja, ilhali katika majaribio ya wanyama ambako ubongo ulionekana kubadilika, hesabu ilikuwa mamia kwa siku.

Mguu haupati tatizo hili kwa kiwango hicho, na ndiyo maana mara nyingi hutangulia. Mtu akitaka kwenda msalani hana budi kuukanyagia, lakini kwa mkono mmoja mzima anaweza kula, kunawa na kuvaa, na kila anapofanikiwa hivyo ubongo unajifunza kwamba ule mwingine hauhitajiki. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub aliliona jambo hilo kwa nyani waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja: uwezo wa kuusogeza haukuwa umekwisha, ila waliacha kuutumia, na mkono mzima ulipofungwa wakalazimika kuurudia ule uliosahauliwa. Kutokana na hayo ikazaliwa tiba ya kuuvisha mkono mzima glavu nene kwa sehemu kubwa ya saa ambazo mgonjwa yuko macho, huku mkono dhaifu ukifanyishwa mazoezi ya saa nyingi kila siku kwa majuma mawili. Jaribio kubwa la tiba hiyo lilichapishwa mwaka 2006 likiwa na washiriki 222, na linakuhusu moja kwa moja, kwa kuwa walikuwa watu waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla ya kuanza. Walinufaika kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida, na manufaa yaliendelea kuonekana mwaka mmoja baadaye.

Usiufunge mkono wa baba yako leo jioni, tafadhali. Tiba ile inamfaa mtu anayeweza tayari kuinua kiganja kidogo na kufungua vidole kidogo kwa nguvu zake mwenyewe, na mtu ambaye hajaimarika kusimama akinyang'anywa mkono wa kujishikilia ataanguka. Mwombeni mtaalamu wake ampime kwanza. Mimi sikutimiza sharti la vidole, kwa hiyo nilipewa njia ya polepole zaidi.

Njia yenyewe ilikuwa taulo. Taulo dogo linakunjwa mara mbili juu ya meza laini, kiganja dhaifu kinalazwa juu yake, kisha unalisukuma mbele hadi kiwiko kinyooke na kulirudisha tumboni. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni mchezo wa mtoto. Mtaalamu alisimama nyuma yangu, mkono wake mmoja ukiwa kwenye mfupa wa bega langu na mwingine kifuani, kwa sababu kila mara nilidanganya: badala ya kunyoosha kiwiko niliinamisha kiwiliwili kizima, taulo likaenda mbele na mimi nikajisifu. Alipokizuia kifua, taulo lilisogea chini ya upana wa kiganja, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa na uwezo kiasi gani hasa. Tulianzia hapo, mara ishirini, pumziko, mara ishirini tena. Baadaye likaja suala la chupa: mkono dhaifu unaishikilia, mkono mzima unafungua kifuniko. Hii naipenda kwa sababu inajirudia nyumbani bila mtu kuiita mazoezi, na ndani ya miezi miwili daftari lilikuwa linafika mistari mia na hamsini.

Kuhusu mpira, wekeni kando kwa sasa. Nami nilinunuliwa na nikauminya kwa imani kubwa. Mtaalamu alinionyesha kwamba misuli ya kukunja vidole ndiyo iliyokuwa imekakamaa, na kwamba kilichonishinda kilikuwa kuachia. Alinipa kazi ya kugeuza: nishike kitambaa, kisha shabaha iwe kukiangusha ndani ya bakuli. Ikiwa kukakamaa kwenyewe kunamuumiza au kunazuia kiganja kisisafishwe, mwambieni daktari, kwani zipo sindano za sumu ya botulini zinazolegeza misuli husika kwa miezi kadhaa, japo sindano peke yake bila mazoezi haiufundishi mkono kazi.

Jambo ambalo hukuuliza lakini nalihofia kuliko yote ni bega. Misuli inayolishikilia ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unaweza kukishusha kichwa cha mfupa kutoka mahali pake. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, alinishika mkono ule dhaifu akanivuta ili ninyanyuke kitandani. Maumivu yaliyofuata yalininyima usingizi na kunisimamishia mazoezi ya mkono kwa majuma sita, katika kipindi kilekile ambacho ubongo ulikuwa mwepesi kujifunza. Waambieni wote wanaomhudumia baba, pamoja na wageni wanaokuja kumjulia hali, wasimvute mkono wala kumwinua kwa kumshika kwapani. Akiketi, kigasha chote kilazwe juu ya mto; akinyanyuka, ashikwe kiunoni. Kunyanyuka kwenyewe kuna ufundi: asogee ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa miguu yote miwili. Akijivuta kwa mkono mzima tu, mguu dhaifu utabaki mtazamaji.

Nimesisitiza hesabu, lakini wingi nao una mipaka yake. Jaribio jingine lenye wagonjwa zaidi ya 2,000, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba kuwainua na kuwatembeza wagonjwa mno kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri kufikia mwezi wa tatu. Baba yako ameshapita huko. Kwake yeye jihadharini zaidi na uchovu, ambao baada ya kiharusi si uvivu, na humpata mtu hata kama hajafanya lolote. Mimi nilifanya vizuri asubuhi, na kazi ya alasiri ilikuwa ya kuharibu tu. Na akianza kukataa mazoezi, kununa au kulia bila sababu, msikimbilie kumhubiria uvumilivu. Huzuni ya kiafya baada ya kiharusi ni ya kawaida mno, ina matibabu, na kwangu mimi dawa yake ndiyo iliyolifufua daftari lililokuwa limelala karibu mwezi mzima.

Sasa ngazi. Wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia, kisha fimbo na mguu dhaifu hufuata. Wakati wa kushuka, fimbo na mguu dhaifu hutangulia. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Msaidizi hukaa upande wa chini daima, yaani nyuma yake akipanda na mbele yake akishuka, akiegemea kidogo upande ule dhaifu. Ugumu utakuja ikiwa reli ya kushikia iko upande mmoja tu: baba ataipata kwa mkono wa kushoto akipanda, na akigeuka ili ashuke itakuwa kulia, mahali ambapo mkono haushiki. Mwombeni mtaalamu amfundishe kushuka kinyumenyume, uso ukiwa umeelekea juu na mkono wa kushoto ukibaki kwenye reli ileile, mguu dhaifu ukitangulia kushuka kidato kimoja kimoja, nawe ukiwa chini yake. Watu watawashangaa. Mimi nashuka hivyo mpaka leo.