Besi iliyolala stoo: usiitupe

Ndugu, hiyo gitaa ya besi uliyoitoa stoo ya kanisa huko Kayole, yenye kutu kwenye freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) na nobu zinazokwaruza, bado ni mali. Legeza nyuzi zote nne polepole, uzitoe.

Kazi kubwa iko kwenye freti. Bandika masking tepu juu ya ubao wa shingo, katikati ya freti, na pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) uzifunike kabisa. Zina sumaku, na chembe za stiliwuli zikinasa humo utajuta; mimi nilishinda jioni nzima nikizinasua kwa selotepu. Kusugua kutu, tumia stiliwuli laini, namba 0000. Ubao usio na vanishi upake matone machache ya mafuta ya limau ya gitaa (si ndimu ya jikoni, tafadhali), kisha ufute. Wenye vanishi, kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Nobu? Tafuta kopo la dawa ya kusafisha swichi Luthuli Avenue, Nairobi, puliza ndani ya potenshomita (kile kifaa kilicho chini ya nobu), zungusha nobu mara 20. Kama besi inatumia betri ya volti 9, hakikisha haijavuja.

Ukishafunga nyuzi mpya na kuzitiuni E, A, D, G, iache ilale usiku mmoja. Shingo ikiwa bado imepinda, skrubu ya kunyoosha shingo usiizungushe zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja.