Je, wanafunzi wa kwanza waliwatupa wazazi wao?

SWALI: Padri, mimi ni mvuvi wa Wete, Pemba, na ninamtunza mama yangu mzee. Kila nisomapo kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao chomboni wakamfuata Yesu, moyo wangu unasita. Je, Kristo anataka tuwatupe wazazi?

JIBU: La hasha, ndugu yangu. Isome Marko 1:20 polepole: Zebedayo, baba yao, aliachwa pamoja na watu wa mshahara, kwa hiyo mzee hakubaki peke yake na nyavu zilizochanika. Hasara ilikuwepo, tena kubwa, kwani vijana wale waliacha kazi waliyoijua. Lakini tazama yaliyofuata. Muda mfupi baada ya kumwita Simoni Petro, mvuvi mwenzao, Yesu aliingia nyumbani kwa Simoni huko Kapernaumu, akamkuta mama mkwe wa Simoni amelala kwa homa, akamshika mkono, akamwinua. Hapo hunigusa kila mara: aliyeita ndiye aliyemwangalia mgonjwa wa aliyeitwa. Na katika Marko 7 anawakemea vikali waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama.

Hapa visiwani Wakristo ni wachache, na jirani zetu Waislamu wanaujua vyema uzito wa radhi za wazazi. Ukimwacha mama na njaa kwa jina la Injili, watakushangaa, na watakuwa na haki. Endelea kuvua, mhudumie mama, na umwombe katekista wako akupangie huduma inayolingana na saa zako za bahari.