Intaneti ninayoijua ina waya

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: intaneti hutoka wapi, na watu wa Nairobi huitumia kwa nini hasa? Kazi yangu ni kuunganisha faiba, yaani intaneti ya nyuzi za kioo, kwenye maploti (majengo ya kupanga) ya mitaa ya Pipeline, Tassia na Fedha, na hilo swali la kwanza naulizwa karibu kila nyumba ninayoingia. Mteja akiuliza, macho huwa yameshaelekea juu, kwa setilaiti. Setilaiti zipo, na tangu Julai 2023 Starlink inauza huduma yake Kenya. Lakini sehemu kubwa mno ya intaneti ya jiji hili hupita ndani ya nyuzi za kioo zilizozikwa ardhini, zilizofungwa kwenye milingoti na kulazwa chini ya bahari. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyeulaza waya, kuna anayeumiliki, na kuna anayeamua uishie mlango wa nani. Hilo ndilo ningependa msomaji mwenzangu alijue.

Chukua ujumbe mmoja tu wa simu. Kabla ya kuondoka hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kikibeba anwani ya kinakokwenda na namba ya kukipanga upya kikifika. Kutoka kwa simu hadi kwenye kile kisanduku cha waifai ukutani, vipande husafiri kwa mawimbi ya redio. Kuanzia hapo vinakuwa mwanga unaowakawaka ndani ya kioo. Njiani zipo mashine zinazosoma anwani na kukisukuma kila kipande mbele, na si lazima vyote vifuate njia moja. Kanuni hizi zilitungwa na Wamarekani wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, wakazichapisha mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa watafiti wa Marekani, ARPANET, ukahamia kwazo. Hadi leo ndizo zinazotubeba. Kipande kikipotea huombwa tena, na ndiyo sababu picha uliyotumiwa huweza kuchelewa lakini ikafika nzima. Mazungumzo ya video hayana muda wa kungoja: kipande kilichochelewa huachwa, na sauti ya shangazi ikaanza kukatikakatika.

Zamani mambo yalikuwa magumu kuliko vijana wanavyodhani. Barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area, ikiwa ofisi hizo mbili zilitumia kampuni tofauti, ilipanda hadi setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi Nairobi. Safari yote hiyo ililipiwa, na saiba za mjini, vile vibanda vya kukodi kompyuta, zilikutoza kwa dakika. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua hapa Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usitoke nchini. Kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwamba ukiritimba wake umeingiliwa, na kituo kikafungwa kwa amri ya wasimamizi wa mawasiliano. Waliokianzisha hawakukata tamaa, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Mimi nawaheshimu sana watu hao. Hawakuvumbua chombo chochote kipya. Walitaka tu chumba, swichi, na washindani wakubali kuunganisha nyaya zao pamoja. Kila unapofungua ukurasa wenye seva yake hapahapa Kenya ukafunguka papo hapo, jasho lao limo.

Kisha ikaja mikongo ya baharini. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. TEAMS inatoka Fujairah, huko Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000, na kwenye kina kirefu mkongo kama huo haukaribii hata unene wa mkono wako. Na hukatika. Februari 2012 meli iliteremsha nanga karibu na bandari ya Mombasa ikaikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja kwenye bahari ya Afrika Kusini, na hapa Nairobi tukakaa siku kadhaa tukitazama kurasa zikizunguka bila kufunguka.

Kukatika kwa mtaani ni kwa kila wiki. Lori refu linaunasa waya, moto wa takataka unauyeyusha, mchimba mtaro anaupiga sururu, kijana anaukata akidhani ndani mna shaba. Ikawa hivyo, naitwa. Kwanza natoa ganda, napangusa uzi kwa spiriti, kisha naukata kwa kisu chake maalumu ili ncha iwe bapa kabisa. Uzi wenyewe una unene wa milimita 0.125, na kiini kinachopitisha mwanga hakifiki hata milimita 0.01. Ncha mbili zinaingia kwenye mashine, naziona zikisogeleana kwenye skrini, cheche inaziyeyusha na zinakuwa uzi mmoja. Mashine hupima mwanga unaopotea kwenye kiungo: ikisoma 0.02 nafunika na kushuka ngazi, ikisoma 0.3 nakata na kuanza upya. Chembe moja ya vumbi la Outering Road inatosha kuharibu kazi. (Kwa wanaolalamika kwamba kasi hushuka kuanzia saa mbili usiku: uzi mmoja kutoka kwa kampuni hugawiwa nyumba nyingi, na saa hiyo wote mko kwenye video.)

Sasa swali la pili. Jibu langu ni la wale wanaonipigia waya ukikatika. Mashabiki wa mpira hupiga, ni kweli, ila si wao wa kwanza. Mwisho wa Juni hunipigia mwenye saiba, foleni ya watu wanaotaka kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 30 ikiwa imefika barabarani. Hunipigia mama ambaye binti yake anafanya kazi Saudia na hupata nafasi ya kuongea Ijumaa pekee. Hunipigia kijana anayeandika maneno ya rekodi za sauti kwa wateja wa nje. Akichelewesha kazi halipwi, na hiyo ndiyo kodi yake ya nyumba. Wengi hudhani M-Pesa nayo italala, lakini ile ya menyu kwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, ilianza 2007 bila kutegemea intaneti, na bado itatuma pesa hata faiba zangu zote zikikatika.

Kinachoniuma ni lango la ploti. Naijua mitaa ambako nyuzi za kampuni tatu zinapita mlingotini, ila mwenye jengo amekubali moja tu iingie, na wapangaji hulipa bei hiyo na kuvumilia kasi hiyo kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Waliofungua KIXP walipambana na ukiritimba wa nchi nzima. Huu wa ngazini haujapata wa kuupinga. Anayetafuta nyumba huuliza maji na stima. Amuulize pia keateka, mtunza jengo, ni kampuni ngapi zimeingiza waya, na aulize kabla hajalipa diposti.