Kadi ya Marekani, ndege ya 5H: jibu kwa mwenye mdogo wake Florida

Mkuu uliyeuliza kama leseni ya urubani wa biashara anayoimalizia mdogo wako Florida itatambulika hapa nyumbani Tanzania, nimeona waliotangulia wanakujibu kwamba Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ulishamaliza kila kitu. Nami nilirudi na imani hiyohiyo. Ilinigharimu miezi minne ya kukaa kwa shemeji.

Mkataba ni wa 1944. Kifungu kinachopendwa na watu ni cha 33, kwamba nchi zitambue leseni za wenzao ilimradi zimefikia viwango vya chini vya kimataifa. Ila mkate wako uko kifungu cha 32: rubani awe na leseni iliyotolewa au kuhalalishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Mdogo wako akija Dar na ndege iliyoandikwa N ya Marekani ubavuni, kwa upande wa leseni hana deni na mtu. Siku akikaa kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria, yenye 5H, alama ya usajili ya Tanzania, apeleke watalii Seronera kule Serengeti, kile alicho nacho ni kadi ya plastiki yenye sura za ndugu wawili wa Wright, basi.

Kwa hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuhalalishiwa kwa muda, yaani anapewa karatasi inayoegemea leseni ya kule. Ile ikikoma, na hii inakoma. Ya pili ni kuibadilisha moja kwa moja awe na ya kwetu. Atapimwa afya daraja la kwanza, atafanya mtihani wa sheria za anga, ataruka na mkaguzi, na mamlaka ya Marekani itathibitisha kwa barua kutoka Oklahoma City kwamba leseni ni yake kweli. Barua hiyo aiombe mapema, kabla hata ya kukata tiketi ya kurudi.

Yote hayo ni uvumilivu tu. Mimi nilikwama kwenye kitabu cha saa, kile rubani anachoandikia saa zake za kuruka.

Nilirudi na saa 262. Kati ya hizo, 148 nilikuwa nimeziandika kama rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya ndege, na kiwango cha kimataifa kwa leseni ya biashara ni jumla ya saa 200, ambapo uongozi uwe 100. Nikajiona nina akiba. Yule mama wa ofisi ya leseni akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza kushuka mstari kwa mstari bila kusema neno.

Sasa sikiliza hapa, maana shule nyingi hazikwambii. Marekani, ukishapata leseni ya kwanza ya binafsi, saa unayoishika ndege mwenyewe unaruhusiwa kuiandika kuwa ya uongozi hata kama mwalimu amekaa kulia anakufundisha kuruka kwa vyombo, bila kutegemea kuona nje. Nchi nyingine nyingi zinasema mwalimu akiwepo anafundisha, kiongozi ni yeye, wewe ni mwanafunzi. Zikatoka 49. Halafu kuna mazoezi yale ya kuvaa kifuniko usione nje, mwenzako anakuangalizia ndege nyingine zisije zikawagonga. Kule mkikubaliana, nyote wawili mnaandika uongozi kwa saa ileile. Cessna moja, viongozi wawili! Zikatoka 12 nyingine. Nikabaki na 87 za uongozi; zile 49 zilibaki kwenye jumla kama za mwanafunzi, ikawa 250. Leseni ya Marekani ilikuwa halali kabisa na sikuwa nimedanganya popote, ila nilipungukiwa saa 13 za kukodi ndege kwa hela ambayo sikuwa nayo.

Simlaumu yule mama. Ningemlaumu mwalimu wangu wa kule, ila naye alifuata sheria ya kwao. Viwango vya kimataifa ni sakafu. Kila nchi inajenga kuta zake juu yake, na kifungu cha 38 kinairuhusu kutofautiana ilimradi itoe taarifa.

Tofauti nyingine utazikuta angani. Kule tulisoma mgandamizo wa hewa kwa inchi za zebaki, ule wa kawaida ukiwa 29.92, huku ni hektopaskali, 1013. Kule unakiweka kipimo cha mwinuko kwenye mgandamizo huo wa kawaida ukifika futi 18,000, nchi nzima, huku ni chini zaidi na unatazama chati ya uwanja husika. Halafu Florida ni tambarare, karibu na usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha uko juu ya futi 4,500. Siku ya jaribio, saa saba mchana, jua kali, niliifungulia mafuta yote nikasubiri iruke kama nilivyozoea. Ilikimbia, ikakimbia, mkaguzi akanitazama, "Unasubiri nani apande?" Nilikuwa sijapunguza mafuta yanayochanganywa na hewa, ambayo kwenye mwinuko ule ni nyepesi. Nilijua kwa kitabu tu.

Kuna aliyelalamika humu kwamba uhakiki ni urasimu. Mkumbushe Juni 2020, waziri wa anga wa Pakistan aliposema bungeni kwamba marubani 262 kati ya 860 wana leseni za kutiliwa shaka. Wengi baadaye walionekana hawana kosa, lakini Vietnam ilishawasimamisha Wapakistani waliokuwa wakiruka kwao, na Ulaya ikalifungia shirika la taifa la Pakistan hadi mwishoni mwa 2024. Mtu mwenye leseni safi alikaa benchi kwa sababu ya muhuri wa nchi yake.

Akitaka Ulaya, hiyo ni safari nyingine. Rafiki yangu ana saa zaidi ya 3,000, na bado yuko sebuleni na mitihani yote 13 ya nadharia, kila mmoja asilimia 75.

Mwambie mdogo wako leo hii achore safu ya ziada kwa penseli kwenye kitabu chake: saa alizokuwa peke yake, au na abiria bila mwalimu. Ikiwa chini ya 100, azitafute hukohuko kabla hajamaliza, ndege za kukodi ni nyingi. Halafu rudi hapa utuambie amefikisha ngapi.