Kumtafuta babu aliyekuwa baharia vitani

Ndugu yangu, umesema babu yako mzaa mama alikuwa mpiga makaa (mtia makaa kwenye tanuri la injini) kwenye meli za mizigo za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mmebaki na picha moja tu na jina la meli.

Jina hilo la meli ni mali. Usianze na jina lake yeye, maana makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia: Juma bin Salim anaweza kuwa "Jumah Saleem", au jina la baba likageuzwa la ukoo. Anza na meli. Kila meli ya biashara ilikuwa na namba rasmi ya usajili, na orodha za mabaharia za wakati wa vita hivyo zimepangwa kwa namba hizo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu BT 381. Safari za meli zenyewe zimo kwenye kadi za BT 389. Mikoba ya kumbukumbu za baharia mmoja mmoja iko BT 372.

Kabla ya hapo, waombe wazee wafungue masanduku. Kitabu chake cha ubaharia kikipatikana, namba iliyomo itakufikisha mbali kuliko jina.

Na kama hakurudi, tazama tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye majina ya waliokufa vitani. Jaribu kila tahajia, hata ile inayokukera. Ukimpata, tuandikie.