Jibu: Mradi wa programu huria uwekwe wapi, na ripoti za kasoro zifuatiliwe vipi

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama mradi wenu mdogo wa programu huria (ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote) uwekwe kwenye tovuti za kuhifadhi miradi kama GitHub, GitLab au Codeberg, ama mwendeshe seva yenu wenyewe yenye Bugzilla, programu ya kufuatilia ripoti za kasoro. Nimesimamia mradi uliowahi kuhama, na ushauri wangu ni kwamba mfikirie kwanza ripoti za kasoro, kisha msimbo.

Msimbo hauna shida kubwa. Kwa kawaida Git, zana inayotunza msimbo kwenye tovuti hizo, humwachia kila mchangiaji nakala pamoja na historia yake yote, hivyo huduma ikifungwa leo, kesho mnapakia nakala hiyo kwingine na kazi inaendelea. Ripoti, pamoja na majadiliano na picha zake, hubaki kwenye hifadhidata ya mwenye huduma, na humo ndimo zilimo sababu za maamuzi yenu mengi.

Tulipohama, ripoti zetu zilipewa namba mpya. Maelezo ya badiliko yaliyosema "inarekebisha #214" yakawa yanampeleka msomaji kwa mtu anayeomba rangi ya menyu ibadilishwe, na aliyetaka kujua kwa nini mstari fulani wa msimbo upo akatoka mikono mitupu. Watengenezaji wa lugha ya programu ya Python walikuwa na kinga: ripoti za zamani zilitajwa kwa kiambishi bpo-, na zilipohamia GitHub mwaka 2022, mpya zikatajwa kwa gh-, kwa hiyo namba hazigongani. Ningewashauri muige hilo mapema.

Seva yenu inawezekana, hasa kwa Forgejo, programu nyepesi ya kuendesha tovuti yenu ya aina hiyo, lakini masasisho, nakala rudufu na ripoti taka (spam) vitakuwa juu yenu; tena mtu aliyekutana na kasoro moja tu ni nadra afungue akaunti mpya ili awaambie. Bugzilla, iliyoanza mwaka 1998, inafaa mradi wenye sehemu nyingi na watu wa kuchambua ripoti. Kwa timu ndogo ni mzigo.

Mkijali zaidi kutotegemea kampuni, nendeni Codeberg, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la Berlin. Mkihitaji ripoti za watu msiowajua, GitHub bado ina watu wengi zaidi. Popote mtakapokwenda, wekeni skripti (programu fupi) ya kupakua ripoti zote mara kwa mara, fomu inayodai toleo la programu na hatua za kuirudia kasoro, na njia ya faragha ya kupokea kasoro za usalama, ambazo hazifai kuanikwa hadharani kabla ya kurekebishwa.