Laini mbili za intaneti ofisi moja, kurasa zinafunguka kwa kubahatisha

Mkuu umeuliza kwanini ofisi yako hapo Ngamiani, Tanga, ina faiba na ile ya antena juu ya bati, kila moja ukiijaribu peke yake iko poa, ukiwasha zote nusu ya kurasa zinagoma. Mi nimesota nayo siku mbili gesti moja Raskazone, nimebadili nyaya, nimebadili swichi, wapi, mpaka mwenye gesti akaanza kuniangalia kama tapeli.

Siku ya tatu ndo nikakaa na tcpdump (programu ya kuchungulia paketi, yani vipande vya data vinavyopita) kwenye ruta. Paketi inatokea mlango wa faiba ila anwani ya mtumaji ni ya antena, ikitoka hairudi. Kampuni hazina kosa, zinachuja anwani zisizo zao ili watu wasighushi, mwongozo wa intaneti unaoitwa BCP 38 huo, upo toka 2000. Yani una tiketi ya basi hili, pale stendi ya Kange unapanda lile, konda anakushusha Pongwe.

Kwenye IPv4 (anwani za mtindo wa zamani) huioni sana sababu ruta inabadilisha anwani mlangoni, ndo NAT hiyo. IPv6 (mtindo mpya) kila kompyuta inabeba anwani mbili, moja ya kila kampuni, na ruta kwa kawaida inaangalia paketi inaenda wapi tu, imetoka kwa nani haiulizi. Sasa ilazimishe iulize, kwa amri hizi za Linux: anwani za faiba zifuate jedwali lao la njia, namba 101 (weka namba zako, eth1 kwangu ni faiba):

ip -6 rule add pref 200 from 2001:db8:a::/56 table 101
ip -6 route add default via fe80::1 dev eth1 table 101

Antena nayo hivyohivyo, pref 201, table 102.

Hapo nikashangilia mapema. Jioni mapokezi wananipigia printa haionekani, kumbe iko mtandao mwingine humohumo ndani na jedwali la 101 linajua njia moja tu, ya nje, kwahiyo kazi za printa zote zinatupwa kwenye faiba 😂. Dawa yake:

ip -6 rule add pref 100 lookup main suppress_prefixlength 0

Yani njia za ndani zitazamwe kwanza. Kama ruta yako inatumia OpenWrt (mfumo huria wa ruta) usihangaike, kwa IPv6 inafanya yenyewe.

Ila laini moja ikikata, kompyuta zitang'ang'ania anwani yake, ruta inabidi iitangaze tena kwa preferred lifetime 0 (yani muda wa kuipendelea umeisha) ndo ziiache. Hiyo mi nimeiwekea skripti, ukikwama niambie niibandike hapa.